Uzi: Picha ya ndege ya vita yenye maandishi "Entebbe 1942" mgongoni. Tusaidiane kuisoma

Nyaraka_Jinja (mwanzisha uzi)
Habari za mchana wanajukwaa. Nimepandisha picha tano: uso wa picha yenyewe, mgongo wake, na vipande vitatu vilivyokuzwa. Karatasi ni sm 6 kwa 9, kingo zimekatwa kwa mawimbi. Mgongoni kuna neno "Entebbe" na mwaka "1942", wino wa bluu wa kalamu ya biro.

Uso unaonyesha ndege ya injini mbili imeegeshwa, pua juu na mkia chini, mlango mkubwa uko wazi ubavuni. Mbele yake askari sita Waafrika wenye kofia pana, mmoja amesimamisha bunduki kitako chini. Karibu na mlango kuna rundo la magunia. Ardhi imefunikwa na kitu chenye safu za matundu. Ubavuni mwa ndege kuna duara la rangi mbili, nje nyeusi na ndani hafifu, na nyuma zaidi herufi KG na tarakimu 5, kisha bega la mtu limeficha zilizobaki.

Picha itatundikwa katika maonyesho ya kumbukumbu za askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), na maelezo yake yatasomwa na wajukuu zao. Naomba tujue ni ndege gani, ya jeshi gani, ilipigwa wapi na lini.

Mwanahewa_Entebbe
Karibu ndugu. Ndege ni Douglas C-47, ambayo Waingereza waliiita Dakota. Nitaje ninachotumia ili wengine wahakiki.

Gurudumu la nyuma liko chini ya mkia, magurudumu makubwa mawili yako chini ya injini. Kila injini ina pangaboi la mapanga matatu. Injini ni ya duara, Pratt & Whitney R-1830, silinda 14 katika safu mbili. Madirisha ya ubavuni ni madogo na ya mraba, na katika kipande chako cha pili, katikati ya kioo kuna kitundu cha duara chenye ukingo wa mpira. Kiliwekwa ili askari waliomo waweze kutoa mtutu wa bunduki. Ndege za abiria za ukoo huohuo, DC-3, hazikuwa nacho. Mlango ni wa vipande viwili, wa kupitishia mizigo, uko nyuma ya bawa upande wa kushoto.

Wengi huichanganya na Curtiss C-46, iliyoruka wakati huohuo. C-46 ni kubwa zaidi, tumbo lake lina mkunjo mrefu ubavuni kama mipira miwili iliyobandikwa mmoja juu ya mwingine, na nyingi zilikuwa na mapanga manne kwa kila injini. Hapa hakuna mkunjo huo.

Fundi_Filamu
Kabla hatujakimbilia ndege, tuanze na karatasi.

Sm 6 kwa 9 ni ukubwa wa filamu ya 120 katika kamera za sanduku na za kukunja, picha nane kwa roli. Maana yake hii imechapwa kwa kulaza negativu juu ya karatasi, haikukuzwa. Hiyo ni bahati, maana ukali wote wa negativu umo humo. Kingo za mawimbi zisikupe mwaka. Zilitumika miaka mingi kabla na baada ya vita.

Maandishi ya mgongoni usiyategemee. Kalamu za biro zilianza kuuzwa madukani Marekani Oktoba 1945. Aliyeandika "1942" kwa biro aliandika baada ya vita kwisha, huenda miaka mingi baadaye, kwa kukumbuka au kwa kuambiwa. Tafuta maandishi ya zamani zaidi chini yake: zima taa za chumba, washa tochi ya simu kutoka ubavuni ikiwa karibu kulala mezani, digrii 15 hivi, kisha zungusha picha polepole. Alama ya penseli iliyofutika huacha mfereji, na mfereji hutupa kivuli.

Jaribio la pili ni la taa ya kukagulia noti bandia, ile walionayo mawakala wa pesa za simu. Imulike kwenye mgongo, gizani. Karatasi za picha zilianza kutiwa dawa ya kung'arisha katika miaka ya 1950, na dawa hiyo huwaka bluu-nyeupe chini ya taa hiyo. Ikiwaka, unayo nakala iliyochapwa baadaye. Isipowaka, haithibitishi kwamba ni ya wakati wa vita, kwa sababu karatasi nyingine hazikutiwa dawa hata baadaye. Linganisha na karatasi mpya ya kuchapia, ambayo huwaka sana.

Skani kwa nukta 1200 kwa inchi, kijivu cha biti 16, hifadhi kama TIFF. JPEG tutumie humu tu. Na nakusihi, usiipitishe katika programu za simu zinazo"safisha" au kutia rangi picha za zamani. Programu hizo hubuni. Ukiipa tarakimu nusu itakupa tarakimu nzima ambayo haikuwapo, na sisi tutaitafuta ndege ambayo haikuwa hapo.

Usiitie laminesheni. Joto la mashine huyeyusha gundi juu ya tabaka la picha na haitoki tena. Bahasha ya karatasi, mahali pakavu, inatosha.

Kyagwe_Mtafiti
Naona duara halina nyekundu katikati. Basi si Waingereza, kwa sababu duara la RAF, jeshi lao la anga, lina nyekundu. Je, si ndege ya Wamarekani ambayo nyota yake imefifia? Au ya Australia? Wao walikuwa na bluu na nyeupe.

Mwanahewa_Entebbe
Swali zuri, ndugu Kyagwe, na Australia umeitaja sawa. Lakini si Mmarekani. Tangu katikati ya 1943 nyota ya Marekani ina vipande viwili vya mstatili kushoto na kulia, na havifutiki vyote viwili kwa wakati mmoja huku duara likabaki safi. Pia C-47 ya Marekani ina namba ndefu kwenye mkia wa wima, bila herufi. Mfano, ndege iliyonunuliwa kwa bajeti ya 1942 yenye namba 42-92841 ingeandikwa 292841: waliondoa tarakimu ya kwanza ya mwaka pamoja na kistari. Kwa hiyo tarakimu ya kwanza unayoiona mkiani ndiyo ya mwisho ya mwaka wa ununuzi. Picha hii mkiani ina kibandiko kidogo cha rangi mbili, giza na hafifu, na haina namba.

Sasa nyekundu. Upande wa India na Burma, kuanzia 1942, vikosi vya RAF vilianza kuifunika nyekundu kwa sababu ya duara jekundu la Wajapani. Mpiga mizinga aliye chini ana sekunde mbili tatu za kuamua, na akiona nyekundu yoyote anafyatua. Wamarekani nao waliondoa kidoti chekundu katikati ya nyota yao mwaka huohuo kwa sababu hiyohiyo. Kamandi ya Kusini-Mashariki mwa Asia ilikuja na duara dogo la bluu iliyoiva nje na bluu hafifu au nyeupe ndani, na kibandiko cha mkia kikafuata rangi hizo.

Fundi_Filamu
Hapa niongeze tahadhari, maana watu wengi huteleza hapa. Katika picha ya nyeusi na nyeupe, giza si lazima liwe rangi iliyoiva.

Filamu ya othokromatiki haioni nyekundu. Nyekundu hutoka nyeusi kabisa, manjano hutoka ya giza, na bluu hutoka hafifu. Pankromatiki huona rangi zote, kwa hiyo nyekundu na bluu iliyoiva hukaribiana. Duara la zamani la RAF la bluu nje na nyekundu ndani, kwenye othokromatiki, litaonekana hafifu nje na jeusi ndani. Kwenye pankromatiki litaonekana giza lote, karibu doa moja.

Picha yetu ni kinyume: giza nje, hafifu ndani. Hakuna filamu kati ya hizo mbili inayoweza kuifanya nyekundu ionekane hafifu kuliko bluu kiasi hicho. Nyekundu imetoka, filamu yoyote iwayo. Nimefurahi sana kuona hili, kwa sababu mara nyingi hatuna bahati ya kupata jibu bila kujua filamu.

Kwa wenye picha nyingine: ukitaka kujua filamu, tafuta kitu ambacho rangi yake unaijua bila shaka. Msalaba Mwekundu kwenye gari la wagonjwa ni bora. Ukiwa mweusi kama lami huku anga ni nyeupe tupu bila mawingu, fikiria othokromatiki.

Nyaraka_Jinja
Asanteni sana. Nimejaribu taa ya noti: mgongo hauwaki, karatasi ya kuchapia pembeni inawaka bluu. Kwa tochi ya ubavuni sikuona penseli. Je, picha haijapinduliwa kushoto-kulia?

Fundi_Filamu
Herufi KG zinasomeka sawa, basi haijapinduliwa. Kusipokuwa na herufi, tumia mlango: wa Dakota uko kushoto mwa ndege. Ukiuona kulia, negativu ililazwa upande usio wake. Vifungo vya shati pia husaidia; vya mwanamume viko upande wake wa kulia.

Namba_za_Mkia
Nichukue herufi. Namba za RAF wakati wa vita zilikuwa herufi mbili na tarakimu tatu, kwa kawaida urefu wa inchi 8, yaani sm 20. Herufi I na O ziliachwa kwa sababu zinafanana na 1 na 0, kwa hiyo ukidhani umeona O katika herufi, angalia tena, yaweza kuwa D. Vilevile waliacha mapengo makusudi kati ya fungu na fungu ili adui asihesabu ndege kwa namba.

Fungu la KG310 hadi KG809 ni Dakota III. KG 5 na tarakimu mbili zilizofichwa inaangukia ndani. Lakini msiseme "KG ni Dakota" mkaishia hapo, kwani herufi hizohizo zilitumika kwa Liberator, ndege kubwa ya mabomu, katika namba za juu zaidi. Herufi na tarakimu ya kwanza lazima zikubaliane na umbo la ndege, na hapa vinakubaliana.

Dakota za fungu hili zilifika RAF mwaka 1944. Kwa hiyo 1942 imeanguka, hata tusingekuwa na habari ya biro.

Namba haikupi mahali, hata hivyo. KG374 ndiyo aliyoiongoza David Lord juu ya Arnhem, Uholanzi, tarehe 19 Septemba 1944, akatunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, baada ya kufa. Ndugu zake za KG zilikuwa zikiruka Burma wakati huohuo. Anayetupa mahali ni lile duara la bluu, pamoja na askari.

Kyagwe_Mtafiti
Na Australia? Duara lao ni lilelile.

Kofia_Pana
Hapo ndipo askari wanapojibu. Hakuna askari wa Afrika Mashariki waliopelekwa upande wa Australia. Walikwenda Burma.

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw kuanzia Agosti 1944, katikati ya mvua za monsuni, ikauteka mji wa Kalewa tarehe 2 Desemba 1944, ikavuka mto Chindwin, kisha ikarudishwa India kupumzika. Batalioni za Keya zilizotoka Uganda ndani yake zilikuwa tatu: ya 4 katika Brigedi ya 21, ya 34 katika Brigedi ya 25, na ya 44 katika Brigedi ya 26. Alama yao ya begani ni kichwa cha kifaru. Wengi huisahau Brigedi ya 28, iliyokuwa peke yake nje ya divisheni na ilikuwa na Batalioni ya 7 ya Uganda. Hiyo ilishuka bonde la Gangaw Januari 1945 na Februari ikawa Seikpyu, kando ya mto Irrawaddy.

Nimekuza mabega yote. Mikono imekunjwa, na begani hakuna alama inayosomeka. Kofia pana peke yake haitenganishi batalioni. Nguo siwezi kusema ni kaki au kijani, kwa kijivu zote mbili hukaribiana.

Vipimo_na_Kivuli
Jamani, mnaipita hazina iliyo miguuni pa askari. Hayo matundu ni mabamba ya chuma ya kutandikia kiwanja cha ndege. Kila bamba lina urefu wa futi 10 na upana wa inchi 15, yaani sm 305 kwa 38, uzito wa kilo 30 hivi, na matundu 87 katika safu tatu za 29. Tuna rula imelala ardhini.

Na tuna fimbo imesimama. Askari wa tatu kutoka kushoto ameshika bunduki wima, kitako juu ya bamba. Mdomo wa bunduki hauna ile koni ya kuzuia mwali ya Lee-Enfield fupi Na. 5, kwa hiyo ni Na. 1 au Na. 4, na zote mbili ni sm 113. Bayoneti haijafungwa. Kivuli chake kinavuka mabamba kwa upana.

Kipimo changu: kivuli kinavuka bamba moja zima na karibu robo tatu na ushee ya la pili, jumla mabamba 1.8. Mara 38 ni sm 68. Gawanya 113 kwa 68, unapata 1.66, na pembe yenye tanjenti hiyo ni karibu digrii 59. Hiyo ndiyo urefu wa jua wakati wa kupiga picha.

Sasa Kalewa iko karibu digrii 23 kaskazini. Tarehe 2 Desemba jua la adhuhuri pale halizidi digrii 45, na kivuli kifupi kabisa cha bunduki hiyo ni sm 113, mabamba matatu kamili. Kivuli cha mabamba 1.8 hakiwezekani Kalewa siku ile, saa yoyote. Ili jua lifike digrii 59 katika latitudo hiyo, lazima tarehe iwe kabla ya katikati ya Oktoba au baada ya mwisho wa Februari.

Makosa yanayowezekana: nikikosea robo ya bamba upande wa kurefusha, jua ni digrii 55, na tarehe inasogea hadi karibu 19 Februari. Haifiki Desemba wala Januari. Bunduki ikiwa imeinama kuelekea kamera, hesabu inaharibika zaidi ya hapo, lakini nimeilinganisha na ukingo wa mlango wa gari la nyuma na iko wima. Kivuli kingekata mabamba kwa mshazari ningehesabu marefu na mapana kando, kisha nikatumia kanuni ya Pithagora. Hapa kinakwenda moja kwa moja.

Mwanahewa_Entebbe
Mzee, hii ni kazi. Swali: Entebbe je? Hapa ikweta.

Vipimo_na_Kivuli
Ikweta jua hufika digrii 59 kila siku ya mwaka, asubuhi na alasiri. Kwa hiyo kivuli hakiiondoi Entebbe. Iliyoiondoa ni lile duara la bluu pamoja na namba ya 1944. Kivuli kinatumika kugawa tarehe tu, tukishajua tuko Burma au mashariki ya India.

Kofia_Pana
Basi yapo madirisha mawili ya tarehe. La kwanza, hadi katikati ya Oktoba 1944, ni la monsuni. Bonde la Kabaw wakati huo lilikuwa tope la kufika magotini, na divisheni ilikuwa ikilishwa kwa mizigo iliyoangushwa kutoka angani. Picha yetu ina vumbi kwenye viatu na kwenye magurudumu ya ndege, na majani ya pembeni yamekauka. La pili, kuanzia mwisho wa Februari 1945, ni la kiangazi na linafaa zaidi. Wakati huo Divisheni ya 11 ilikuwa imekwisha ondolewa mbele, na Batalioni ya 7 ilikuwa bado Burma.

Namba_za_Mkia
Msiharakie batalioni ya 7. Tazameni magunia. Yale ya mbele yamelegea, na kila moja linaonekana limo ndani ya gunia jingine kubwa zaidi. Kwenye pembe kuna mishono miwili isiyolingana. Hivyo ndivyo mchele ulivyofungwa kwa ajili ya kuangushwa bila parachuti, magunia mawili au matatu, la ndani lisijazwe, ili likipasuka kwa kishindo la nje liushike. Vitu visivyostahimili kishindo ndivyo vilipewa parachuti, na hariri ilipokuwa haba zikatengenezwa za juti, nguo ileile ya magunia.

Mchele hufungwa hivyo unapopakiwa, si unaposhushwa. Picha hii ni ya kiwanja cha kupakia, nyuma ya mstari wa mbele. Viwanja hivyo vilikuwa Imphal, Agartala, Comilla, Chittagong na kwingineko mashariki ya India ya wakati ule. Askari wa Afrika Mashariki wa kikosi chochote, hata wa usafirishaji au waliokuwa njiani, wangeweza kusimama hapo.

Kofia_Pana
Nakubali, na nafuta neno langu kuhusu ya 7. Chittagong iko digrii 22 na kidogo, Imphal karibu 25. Tarehe za mzee wa vivuli zinasogea siku chache tu huku na huku.

Vipimo_na_Kivuli
Kwa Imphal ni karibu 5 Machi na kuendelea, kwa kipimo cha digrii 59. Kwa Chittagong ni karibu 26 Februari.

Nyaraka_Jinja
Nimeandika hivi kwa penseli laini ya 2B, pembeni mwa mgongo, bila kugusa maandishi ya biro, ambayo nayo nitayanukuu kwenye kadi kama yalivyo:

"Askari sita wa Afrika Mashariki mbele ya Dakota III ya RAF, namba KG5–, tarakimu mbili zimefichwa. Alama za Kamandi ya Kusini-Mashariki mwa Asia. Kiwanja cha kupakia mizigo ya kuangushwa, mashariki ya India au Burma. Baada ya katikati ya Februari 1945, kwa kipimo cha kivuli. Oktoba 1944 au kabla haielekei kwa sababu ya ukavu wa ardhi. Batalioni haijatambuliwa."

Kuna neno la kubadilisha?

Fundi_Filamu
Moja tu. Andika pia tarehe ya leo chini yake, ili atakayeisoma baada yetu ajue maandishi haya ni ya lini.